Chupa, kihisi, setilaiti au wakazi: njia za kufuatilia ubora wa maji ya mlango wa mto kwa miaka mingi

Mtu anayekabidhiwa kazi ya kufuatilia ubora wa maji katika mlango wa mto, yaani sehemu ile ambako maji ya mto na maji ya bahari hukutana na kuchanganyika, aghalabu huanza kwa kuuliza kinunuliwe kifaa gani. Swali hilo ni halali, lakini limetangulia wakati wake. Rekodi ya miaka ishirini au thelathini ni nadra kuharibiwa na kifaa dhaifu. Huharibiwa na kipimo kilichobadilika bila mtu kuandika: kituo kilichosogezwa kwa sababu boya lilikatika nanga, maabara iliyobadili mbinu ya kupima fosfeti, fundi aliyestaafu akaondoka na mazoea yake yote kichwani. Kwa hiyo nitalinganisha hapa njia nne zinazotumika zaidi, nazo ni sampuli za chupa zinazochukuliwa kwa boti, vihisi vinavyoachwa majini, picha za setilaiti, na vipimo vya wakazi wa kujitolea, na kila njia nitaipima kwa maswali mawili: inajibu swali gani hasa, na je, inaweza kuendeshwa vilevile kwa muda mrefu kuliko utumishi wa mtu aliyeianzisha?

Msimamo wangu nautanguliza ili msomaji asihangaike kuutafuta. Kwa lengo la kujua mwelekeo wa miaka mingi, chupa na boti bado ndiyo uti wa mgongo, hata kama njia hiyo inaonekana ya kizamani. Kihisi kimoja kinachotunzwa vizuri ndicho nyongeza ya kwanza inayostahili gharama. Setilaiti na wakazi ni wasaidizi wazuri, lakini kuwategemea peke yao ni kujenga nyumba isiyo na msingi.

Kabla ya kulinganisha, ni lazima ugumu wa mahali penyewe ueleweke. Mtoni maji hutoka upande mmoja. Katika mlango wa mto maji huenda na kurudi, na nguzo moja ya gati inaweza kuzungukwa na maji karibu matamu wakati wa kupwa, kisha saa sita baadaye ikazungukwa na maji ambayo chumvi yake inakaribia ile ya bahari kuu, yaani takriban gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Aliyepima saa nne na aliyepima saa kumi wamesimama mahali pamoja lakini hawakupima maji yaleyale. Juu ya hilo, maji ya bahari ni mazito zaidi, hivyo mara nyingi hulala chini huku maji ya mto yakipita juu yake, na tabaka la chini linaweza kuishiwa oksijeni ilhali la juu linang'aa na kuonekana lenye afya. Njia yoyote isiyojali kujaa na kupwa kwa maji, au isiyogusa kina, itatoa nambari safi zenye maana hafifu.

Chupa na boti

Njia hii ni rahisi kuieleza. Timu hutoka kwa boti kila mwezi au kila wiki mbili, hupita vituo vilevile kuanzia upande wa bahari hadi pale chumvi inapokwisha, na katika kila kituo huchota maji ya juu na ya chini. Kwa maji ya chini hutumika mrija uliofunguka pande zote mbili, ambao huteremshwa kwa kamba hadi kina kinachotakiwa. Kisha kipande cha chuma huachiwa kiteleze juu ya kamba, hugonga kitufe, na vifuniko vyote viwili hujifunga kwa kishindo ambacho mkono ulioshika kamba hukihisi. Chupa ya sampuli husuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale ya kituo kabla ya kujazwa. Lebo huandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino hutoka ukilowa. Maji ya kupimia naitreti, amonia na fosfeti huchujwa palepale botini na kuwekwa kwenye barafu, kwa sababu vijidudu vilivyomo huendelea kula na kutoa kemikali hizo ndani ya chupa, na sampuli iliyokaa juani nusu siku inaeleza habari za chupa kuliko habari za mto.

Faida kubwa ya chupa ni upana wa vitu vinavyoweza kupimwa na uimara wa mbinu zake. Naitrojeni ya kila aina, fosforasi, klorofili inayoonyesha wingi wa mwani, bakteria wanaotokana na kinyesi, metali na viuatilifu, vyote hupatikana kwa chupa na maabara, ilhali vihisi vya kuaminika kwa vingi kati ya hivyo ama havipo ama vinahitaji matunzo mengi. Mbinu ya kupima oksijeni iliyoyeyuka ambayo mkemia wa Hungaria Lajos Winkler aliichapisha mwaka 1888 bado inatumika leo kukagua vihisi vipya. Kipimo kilichofanywa kwa uangalifu kizazi kilichopita kinaweza kuwekwa kando ya kipimo cha leo bila aibu, na hilo ndilo jambo ambalo mfuatiliaji wa muda mrefu hulihitaji kuliko yote.

Thamani ya uvumilivu wa namna hiyo inaonekana katika Ghuba ya San Francisco nchini Marekani, ambako shirika la serikali la utafiti wa jiolojia lilianza kupima maji kwa boti mwaka 1969 na kuendelea kwa miongo mingi, katika safari ya takriban kilomita 145 kutoka ncha ya kusini ya ghuba hadi kwenye mto Sacramento. Mwaka 1986 aina ya kombe wa kigeni kutoka Asia iligunduliwa katika sehemu ya kaskazini, na muda mfupi baadaye mwani wa hadubini ukapungua ghafla, kwa sababu kombe hao huchuja maji na kuula. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu ya kusini ikaonyesha kinyume chake: mwani ulianza kuongezeka, na watafiti wakahusisha jambo hilo na mabadiliko katika bahari ya Pasifiki yaliyoleta samaki, kaa na kamba wengi zaidi wanaokula kombe. Aliyepima miaka kumi pekee, yoyote ile, asingeelewa lolote kati ya hayo mawili. Huenda angeandika ripoti yenye uhakika mkubwa na yenye makosa. Ghuba ya Chesapeake, iliyoko pia Marekani, nayo ina vituo vya kudumu vinavyotembelewa kwa boti tangu mwaka 1984, na ni kwa rekodi hiyo ndipo watu wanaweza kubishana kwa ushahidi kama upungufu wa oksijeni wa majira ya joto unapungua au la.

Udhaifu wa chupa ni uchache. Safari 12 kwa mwaka ni picha 12, na dhoruba haisubiri ratiba. Mvua kubwa ikinyesha Jumamosi na boti ikatoka Alhamisi, tope, mbolea na majitaka vimekwisha kupita kwenda baharini bila kuandikwa popote. Kuna pia upendeleo usioonekana: boti hutoka siku za hali nzuri ya hewa, mchana, siku za kazi. Kwa hiyo rekodi ya chupa ni rekodi ya maji ya siku tulivu, na anayeisoma anapaswa kulikumbuka hilo kila anapotamka neno wastani.

Kihisi kinacholala majini

Kihisi hufungwa kwenye nguzo au boya na hupima chenyewe joto, chumvi, oksijeni, pH (kipimo cha uchachu wa maji), kiwango cha tope na kina. Kikipima kila baada ya dakika 15 hutoa vipimo 96 kwa siku, na 35,040 kwa mwaka, dhidi ya 12 vya chupa. Kwa idadi hiyo mambo yaliyofichika hujitokeza. Oksijeni hupanda mchana wakati mwani unapofanya kazi kwa mwanga wa jua, kisha hushuka usiku kucha viumbe vyote vinapopumua, na hufika chini kabisa karibu na alfajiri. Samaki hawafi kwa wastani wa mchana, hufa kwa saa mbili au tatu za alfajiri ambapo oksijeni imeshuka chini ya takriban miligramu 2 kwa lita, kiwango ambacho wataalamu wengi hukihesabu kuwa upungufu mkali. Timu ya boti inayofika saa nne asubuhi haitakiona kiwango hicho kamwe, na kwa nia njema kabisa itaandika kwamba maji ni mazima.

Pale uamuzi unapotakiwa kufanywa leo, kihisi hakina mshindani. Mto Thames ulitangazwa mwaka 1957 kuwa umekufa kibiolojia katika sehemu yake inayopita London, na baada ya majitaka kuanza kusafishwa ipasavyo, samaki walirudi. Mvua kubwa za majira ya joto zilipoendelea kumwaga majitaka mtoni kupitia mifereji ya zamani, vituo vinavyopima oksijeni vyenyewe ndivyo vilivyotoa ishara ya kupeleka vyombo maalumu vinavyopuliza oksijeni ndani ya maji. Kazi kama hiyo haiwezi kufanywa na sampuli inayosubiri wiki mbili maabara.

Sasa tuje kwenye upande ambao wauzaji huupitia haraka. Kihisi kinachoachwa katika maji ya vuguvugu yenye rutuba hakikai peke yake. Nimewahi kusaidia kunyanyua kimoja baada ya wiki sita bila kuguswa, na ilibidi kwanza tukitafute: kilikuwa donge la utelezi wa kahawia, nyuzi za mwani na kome wachanga waliojipanga hadi kwenye kioo cha kupimia oksijeni. Grafu yake ilikuwa imeshuka kidogokidogo kwa mwezi mzima, kana kwamba mlango wa mto ulikuwa unakosa pumzi, kisha dakika ileile tulipokisugua kwa brashi ikaruka juu. Kilichopumua oksijeni ile ni viumbe vilivyoota juu ya kioo. Ukiona grafu yenye umbo la meno ya msumeno, ikiteremka polepole na kuruka kila siku ya matunzo, unasoma historia ya uchafu wa kifaa. Kikinga cha shaba na kifutio kinachozunguka kabla ya kila kipimo husaidia sana, lakini haviondoi haja ya mtu kwenda kituoni kila wiki mbili hadi nne, akiwa na kihisi cha pili kilichosawazishwa kwa myeyusho sanifu, yaani wenye kiwango kinachojulikana, akipima kando ya kile cha zamani kabla ya kukisafisha na baada ya kukisafisha. Bila vipimo hivyo viwili hakuna njia ya kujua ni kiasi gani cha mabadiliko kilikuwa cha maji na kiasi gani kilikuwa cha utelezi.

Hivyo gharama ya kihisi haimo katika kukinunua. Imo katika mikono inayokihudumia mwaka baada ya mwaka, katika kihisi cha akiba, na katika saa ambazo mtu atakaa mbele ya kompyuta akitenga vipimo vya kweli na vya uongo. Taasisi inayopata fedha za ununuzi mara moja na kukosa bajeti ya matunzo itaishia na miezi mitano ya data nzuri na miaka miwili ya data inayotia shaka. Ni afadhali isingenunua. Nyongeza moja ndogo: vihisi vya naitreti vinavyotumia mwanga wa urujuanimno vipo na vinafanya kazi, ila havipaswi kuwa kifaa cha kwanza cha timu ambayo haijamudu kihisi cha oksijeni.

Ratiba, ambayo huamua zaidi kuliko kifaa

Nakaa hapa kwa kirefu kwa sababu ndipo programu nyingi nzuri zinapojikwaa bila kujua. Kujaa kwa maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Katika siku 14 ucheleweshaji huo hufika takriban saa 11 na dakika 47, ilhali mzunguko mmoja wa kujaa na kupwa ni takriban saa 12 na dakika 25. Maana yake ni kwamba timu inayofika kituoni saa tatu asubuhi kila baada ya wiki mbili hukuta maji katika hali karibu ileile ya safari iliyopita, kwa tofauti ya dakika zisizozidi 40. Tofauti hiyo hujilimbikiza safari kwa safari, na baada ya takriban miezi tisa huwa imekamilisha duara zima. Atakayechora grafu ya chumvi atakuta wimbi la kupendeza lenye urefu wa miezi tisa, na asipokuwa mwangalifu atalipa jina la msimu au atalihusisha na bwawa lililojengwa juu ya mto. Mto wenyewe hauna wimbi hilo. Limetengenezwa na kalenda ya ofisi. Kwenda kila wiki nne hakutibu ugonjwa huu, kwa kuwa hutoa duara lilelile la miezi tisa kwa nukta chache zaidi.

Wapo wanaochagua kinyume, yaani kutoka daima wakati maji yamejaa na kutulia, saa yoyote itakayoangukia. Hilo huondoa tatizo la kwanza na kuleta la pili, ambalo mvuvi yeyote anayeishi kwa bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa sana) na maji mafu (siku ambazo hujaa na kupwa kidogo) angeweza kulieleza: katika mahali pamoja, maji ya bamvua hujaa karibu saa zilezile za siku kila mara. Anayechagua daima kujaa kwa bamvua amechagua pia, bila kujua, saa moja ya siku na hali moja ya mchanganyiko, kwa kuwa mikondo mikali ya bamvua huchanganya matabaka ilhali maji mafu huyaacha yatengane. Oksijeni ya chini inaweza kuonekana nzuri miaka yote kwa sababu hakuna aliyewahi kuipima wakati wa maji mafu.

Hakuna ratiba inayoondoa yote mawili, ila ipo njia ya kuyafanya yasidhuru. Kila sampuli iandikwe pamoja na chumvi yake, saa yake, na hali ya maji wakati huo, kisha uchambuzi wa virutubisho, yaani naitreti, amonia na fosfeti, ufanywe kwa kulinganisha na chumvi badala ya tarehe pekee. Naitreti ikichorwa dhidi ya chumvi kuanzia mtoni hadi baharini, na nukta zikalala kwenye mstari mnyoofu, basi maji ya mto yanazimuliwa tu na ya bahari. Nukta zikizama chini ya mstari, kuna kitu njiani kinachokula naitreti, pengine mwani au bakteria wa matope. Zikiinuka juu yake, kuna chanzo kati ya mto na bahari, kama bomba la majitaka. Mchoro huo mmoja, unaowezekana kwa chupa kumi na kipimo cha chumvi, umewahi kunifaa kuliko lundo la wastani wa mwezi. Ndiyo sababu, nikilazimika kuchagua kati ya kituo kimoja kinachopimwa kila wiki na vituo vinane vinavyopimwa kila mwezi kwenye mteremko wote wa chumvi, yaani kutoka maji matamu ya mto hadi maji ya bahari, huchagua vinane, mradi kuwe na kihisi mahali fulani kinacholinda saa zilizobaki.

Kutoka angani

Setilaiti ina mvuto wa kipekee: data ni bure, eneo zima huonekana kwa mara moja, na kumbukumbu inarudi nyuma kabla ya mtu yeyote kufikiria kuanza kupima. Landsat ya kwanza, setilaiti ya Marekani, ilirushwa mwaka 1972. Sentinel-2 za Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, huona vipande vya mita 10, na zikiwa mbili hupita juu ya mahali pamoja kila baada ya takriban siku tano. Kwa kufuatilia jinsi wingu la tope linavyotoka mtoni na kutanuka baharini baada ya mafuriko, au kuona mwani ulianzia kona gani ya ghuba, sijui njia iliyo bora.

Lakini setilaiti huona rangi ya ngozi ya maji tu. Haioni oksijeni, haioni naitreti wala fosfeti, haioni tabaka la chini, na kwa ukubwa wa mlango wa mto wa kawaida haiwezi kupima chumvi kwa namna ya kuaminika. Hata klorofili, ambayo katika bahari kuu hupimwa vizuri kutoka angani, huwa ngumu hapa: tope huakisi mwanga, maji ya rangi ya chai yatokayo kwenye vinamasi na mikoko huufyonza, sakafu huonekana penye kina kifupi, na mwanga wa nchi kavu humwagikia vipande vya picha vilivyo ufukweni. Mawingu nayo huja wakati wa mvua, yaani wakati uleule mto unapoleta mambo ya kupimwa. Kanuni ya kugeuza rangi kuwa kipimo ni lazima ijengwe kwa sampuli za chupa za mahali penyewe. Asiye na chupa ana picha nzuri tu.

Wakazi na vivuko

Wakazi wa kujitolea hawapaswi kudharauliwa, na wala hawapaswi kubebeshwa kisichowezekana. Sahani ya Secchi, ile sahani inayoteremshwa majini hadi isionekane, ilijaribiwa kwa mpangilio na padri Mtaliano Angelo Secchi katika bahari ya Mediterania mwaka 1865, na bado ni kipimo cha uangavu wa maji kinachoweza kufanywa na mtu yeyote mwenye kamba iliyotiwa alama. Joto, chumvi, uangavu na maelezo ya kile kinachoonekana, kama samaki waliokufa, harufu au rangi ngeni, hukusanywa vizuri na watu wanaoishi ufukweni, kwa sababu wao wapo alfajiri na wapo baada ya dhoruba. Kinachowashinda ni virutubisho vya viwango vidogo, ambapo vidole vyenye jasho au jivu la sigara linaweza kuharibu sampuli ya amonia. Kinachowaua ni ukimya: watu hupima kwa bidii mwaka mmoja, hawaonyeshwi matokeo, na wanaacha.

Kivuko kinachovuka kila siku nacho ni boti isiyolipiwa mafuta. Katika jimbo la North Carolina, Marekani, vivuko vilianza kubeba vihisi na vifaa vya kuchotea sampuli mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kasoro ni kwamba kivuko hupita njia yake, hakipiti njia ya chumvi, na huchota maji ya juu pekee.

Nani achague nini

Mamlaka inayotakiwa kujibu kama hali inaboreka au inazorota katika miaka 20 ianze na boti ya kila mwezi, vituo vichache kwenye mteremko wa chumvi, maji ya juu na ya chini, na maabara moja inayoaminika. Ongezeko la kwanza liwe kihisi kimoja cha oksijeni na chumvi karibu na sakafu, mahali penye kina ambapo upungufu ungeanzia. Mtandao wa hifadhi za utafiti za milango ya mito nchini Marekani, ulioanza kupima kwa utaratibu mmoja mwaka 1995, umefanya hivyohivyo kwa kuunganisha vihisi vya kila dakika 15 na chupa za virutubisho na klorofili za kila mwezi. Sioni sababu ya mgeni kubuni mpango tofauti sana na huo kabla ya kuujaribu.

Mfugaji wa samaki au chaza, ambaye hasara yake hutokea katika usiku mmoja, ageuze mpangilio: kihisi kwanza, chenye kutuma ujumbe oksijeni inaposhuka, na chupa chache za kukikagua. Mwelekeo wa miaka 20 si tatizo lake la kesho asubuhi. Kundi la wakazi linalotaka kujua kama ni salama kuogelea lisinunue kihisi chochote kati ya nilivyovitaja, kwa sababu hakuna kinachowaona bakteria wa kinyesi. Lichukue sampuli za enterokoki, aina ya bakteria hao, zifike maabara ndani ya saa chache zikiwa kwenye barafu, na likubali kwamba matokeo yatakuja kesho yake, kwa hiyo liandike pia mvua ya siku mbili zilizotangulia, ambayo mara nyingi hutabiri matokeo hayo. Mtafiti mwenye bajeti ya miaka mitatu tu yuko katika nafasi ngumu zaidi. Asijaribu kutafuta mwelekeo, kwa kuwa mwaka mmoja wa mafuriko na mmoja wa ukame unatosha kuumeza. Atafute mchakato, kwa vihisi vingi katika muda mfupi na michoro ya chumvi, na avitumie vituo vya zamani kama vipo, hata kama havipendi.

Njia yoyote itakayochaguliwa, siku itafika ambapo kifaa kitaacha kutengenezwa au maabara itabadili mbinu. Hapo mbinu ya zamani na mpya ziendeshwe pamoja kwa mwaka mzima usiopungua, katika vituo vilevile, ili zikutane na maji ya mafuriko na ya ukame, ya bamvua na ya maji mafu. Matokeo yote mawili yahifadhiwe katika safu mbili tofauti, kila moja ikiwa na jina la mbinu yake, tarehe ya kuanza na kikomo cha chini kabisa inachoweza kupima. Kipimo kinachotiliwa shaka kisifutwe. Kiwekewe alama na sababu yake, hata kama sababu yenyewe ni sentensi fupi tu kwamba siku hiyo kihisi kilikutwa kimefunikwa na kome.